Kwenda Kilwa Kuipiga Picha Utaridi

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake kwangu huniuliza jambo lile lile: mjane aliyevaa nyeusi alikwenda kutafuta nini Kilwa? Nimejibu mara nyingi, na kila mara nasahau kitu. Juzi nimesikia hadithi yangu ikinirudia kutoka mtaa wa Katuba ikiwa na mamba ndani. Mamba hakuwepo. Kwa hiyo naandika, ili wenzangu wa cherehani pale sokoni na watu wa kikundi cha simu cha marehemu mume wangu wasome habari moja. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari. Pale maneno yatakaponipungukia, mtanivumilia.

Kwa wasiomjua: mume wangu, Baba Odette, alikuwa fundi wa redio na televisheni hapa Lubumbashi, kwenye komine, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya. Kazi ya pili, ambayo haikumlipa hata siku moja, ilikuwa sayari. Alijitengenezea darubini kwa bomba la plastiki la mafundi wa maji na kioo alicholetewa na mpwa wake kutoka Afrika Kusini. Simu yake aliifunga mdomoni mwa darubini kwa kizibo cha chupa na waya, na kwa njia hiyo akapiga picha. Alikuwa na daftari kubwa, kila sayari na ukurasa wake. Juu aligundisha picha, chini aliandika habari za vyombo vilivyotumwa huko. Ukurasa wa Mirihi ulijaa mpaka pembeni, kwa sababu ya yale magari yanayotembea kwenye mawe yake.

Ukurasa wa Utaridi, ile ambayo shuleni tuliiita Mercure, ulikuwa na maandishi tu. Kuna chombo cha Wazungu na Wajapani ambacho kimekuwa njiani miaka mingi kuelekea huko. Baba Odette alinieleza kwamba taabu yake si kwenda mbio, taabu ni kupunguza mbio, maana jua linakivuta. Kwa hiyo kilipita karibu na Utaridi mara sita bila kukaa, kila mara kikipunguziwa mwendo kidogo. Mara nne za kwanza ziko kwa mwandiko wake. Ya tano na ya sita niliandika mimi, kwa sababu alikuwa ameshakufa. Moyo ulisimama akiwa kwenye benchi lake la kazi, mvua za kwanza zikikaribia.

Picha ya Utaridi hakuipata kwa sababu sayari hiyo haiachani na jua. Huonekana siku chache tu, chini kabisa, muda mfupi kabla jua halijatoka. Hapa mjini chini kabisa kuna kuta, miti ya avoka na moshi wa kiangazi. Kilwa iko kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa Mweru, kwa hiyo upande wa mapambazuko ni maji matupu. Kila mwaka alisema tutakwenda.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka ulikuwa unatimia, na tarehe ya kuondoa kilio ilikuwa imewekwa. Siku hiyo mjane anavua nyeusi, na kwa desturi ya kwao Kasai, vitu vya kazi vya marehemu vinachukuliwa na ndugu zake. Shemeji Kalonji angekuja kutoka Mbuji-Mayi, na darubini ingeondoka naye. Silalamiki, tulikubaliana mbele ya watu. Lakini simu ilionyesha kwamba Utaridi itakuwa juu alfajiri mpaka Jumamosi, kisha jua litaimeza. Itakaporudi, darubini haitakuwa kwangu. Nikiondoka Jumatatu na kufika Jumanne, ningekuwa na alfajiri nne za kujaza ukurasa ule.

Mjane halali nje ya nyumba yake kabla ya kuondoa kilio. Sikuomba ruhusa, kwa sababu jibu nililijua. Nilimwachia binti yetu Odette ufunguo nikaondoka.

Lubumbashi, kwenye maegesho ya njia ya Kasenga

Lori lilikuwa la shofere Mwansa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Lilipaswa kuondoka saa moja asubuhi. Saa nne tulikuwa bado tunapakia simenti.

Lazima niwaeleze kuhusu sanduku. Baba Odette alipotaka sanduku la darubini, alimwendea seremala jirani yetu, ambaye kazi yake kubwa ni majeneza. Mbao alikuwa nazo, vishikio vya shaba alikuwa navyo, vanishi ilibaki kwenye kopo. Alitengeneza sanduku la urefu wa mtoto wa miaka sita, zuri sana, na sisi nyumbani tuliishi nalo miaka mingi bila kuliona tena. Ndivyo ilivyo kitu kikikaa sana chumbani.

Basi nilifika pale nimevaa nyeusi tangu kichwani, na watu wawili wamenibebea sanduku lile. Kelele zilipungua. Shofere Mwansa alivua kofia.

"Mama, tunamuweka mbele ao nyuma?"

"Nyuma, lakini asipigwe na simenti," nilisema. Nilisema "asipigwe" kwa sababu yeye alisema "tunamuweka", na sikufikiri zaidi.

Walisogeza magunia wakalitandikia blanketi. Mama mmoja alivua kitenge chake cha pili akalifunika. Nilishangaa jinsi watu wa njia ya Kasenga wanavyoheshimu mizigo ya wenzao, na nikawaza kwamba nitawasimulia nikirudi. Nilikaa karibu, mkono wangu juu ya kifuniko, kwa hofu ya kioo.

Yule mama aliyetoa kitenge alikuwa Tantine Julie, mchuuzi wa samaki, mwenyeji wa Kilwa. Nitamtaja mara nyingi.

Baada ya Minga, resori

Saa tisa mchana, resori ya nyuma, chuma kile kinachobeba uzito wa lori, ilikatika. Msaidizi wa shofere alirudi mjini kwa pikipiki kutafuta nyingine. Tulikaa pale mchana ule, usiku, na Jumanne nzima. Kila saa niliyoketi niliiondoa kwenye zile alfajiri nne.

Vumbi la barabara ile ni jekundu na laini kama unga. Lori za migodi zilipopita, tulifunika nyuso zetu tukasubiri. Wanawake wa kijiji cha karibu walituletea viazi vitamu vya kuchoma na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kibuyu, bado unachemka kidogo kwa uchachu. Mimi wa kwanza kupewa, kila mara. Nilipotaka kusaidia kuosha vikombe, walininyang'anya.

"Wewe ukae tu, mama," walisema.

Tantine Julie alikaa nami chini ya lori. Ni mtu wa kucheka, lakini siku ile alijizuia.

"Alikuwa na miaka ngapi?" aliniuliza polepole.

"Hamsini na nane."

Alitazama sanduku.

"Alikuwa muntu mufupi?"

"Hapana. Mrefu. Mlangoni kwetu aliinama."

Akatazama tena sanduku, kisha viatu vyake.

"Na kufa kwake... ilikuwa ku mine? Accident?"

"Moyo," nilisema. "Alikuwa kwenye benchi lake."

"Na mbona munamupeleka ku Kilwa? Iko na bandugu kule?"

"Hana ndugu Kilwa. Alitaka sana kufika. Hakujaliwa. Ndiyo nimekuja mimi."

Nilidhani ananiuliza habari za mume wangu kama mtu mwema anavyomuuliza mjane. Mimi nilijibu habari za mume wangu. Alinishika mkono akaushika kwa muda mrefu, na mimi, nisiwafiche, nililia kidogo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeulizwa tarehe ya sherehe, idadi ya viti na rangi ya kitenge. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama alikuwa mrefu.

Resori ilifika Jumatano asubuhi. Alfajiri ya kwanza ilikuwa imeshapita.

Bariyeri mbili

Katika njia zetu, gari lenye mwili wa marehemu hufungwa tawi bichi la majani mbele. Mkiliona mnapisha. Kwenye bariyeri, vizuizi vya barabarani, hawalicheleweshi, hawafungui mizigo, hawatafuti karatasi. Kila mtu hapa anajua.

Bariyeri ya kwanza tulipita bila kusimama. Mlinzi aliinua mti uliofunga njia akavua kofia. Niliona ni ajabu, nikadhani shofere Mwansa anajulikana.

Kabla ya bariyeri ya pili tulisimama kuweka maji. Nikashuka, nikapita mbele ya lori, nikaona tawi. Kubwa, la mti wa kando ya barabara, limefungwa vizuri kwa kamba juu ya taa. Nilisimama pale. Kisha nikayakumbuka yote kwa zamu: kofia, blanketi, kitenge, munkoyo, na maswali ya Tantine Julie chini ya lori.

Ningesema hapo hapo. Nilifungua mdomo. Shofere Mwansa akatangulia.

"Mama, usiogope. Na hii tawi, Kilwa tunafika leo. Bila hii, batatushika pale mpaka kesho, juu ya simenti."

Leo. Tukifika Jumatano, zinabaki alfajiri tatu. Tukishikwa, mbili, au moja.

Nilifunga mdomo nikapanda. Sikusema uongo kwa neno, lakini nilikaa karibu na sanduku nikainamisha kichwa, na nilijua ninachofanya. Askari wawili walisimama wima. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mti ukainuka, tukapita, na nilikuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja. Hili sikumsimulia mtu yeyote sokoni. Sasa mmelijua.

Kijiji kabla ya Kasomeno

Jua lilikuwa linashuka tulipokuta watu wamesimama barabarani. Habari ilikuwa imetutangulia kwa pikipiki: kuna mama anasafiri peke yake na mtoto wake kwenye sanduku. Walikuwa wanawake kama ishirini, vitambaa vimefungwa viunoni. Lori liliposimama walianza kulia, kilio kile cha kweli, cha kutoka tumboni. Wengine walikaa chini kwenye vumbi. Mwanamke mmoja mzee, mwembamba, aliweka kiganja juu ya sanduku akaita jina la mtoto, na halikuwa jina ninalolijua. Lilikuwa la mtoto wake mwenyewe, nilielewa baadaye.

Hapo sikuweza tena.

"Mama zangu, nisameheni," nilisema. "Hakuna maiti humu."

Hawakusikia mara ya kwanza. Nilifungua vishikio nikainua kifuniko. Ndani kulikuwa na bomba jeupe, limelazwa juu ya sweta ya Baba Odette.

Shofere Mwansa alisogea akachungulia.

"Kumbe nimebeba bomba ya choo na tawi?"

"Ni darubini," nilisema. "Ya kutazama sayari. Ni ya mume wangu. Amekufa kweli, mwaka sasa, na nyeusi hii ni yake. Lakini yeye amezikwa mjini. Kwenye lori sikuwaambia uongo, lakini kwenye bariyeri ya pili nilikuwa nimeshaliona tawi, na nilinyamaza."

Shofere aling'oa tawi akalitupa majanini, akisema mambo kwa Kifaransa ambayo sikuyaelewa yote. Abiria wengine walicheka, wengine walisema nimewaletea mkosi. Tantine Julie alikuwa amekaa juu ya gunia na mkono mdomoni. "Mi nilifikiri bamemukata juu aingie mu sanduku," alisema. "Siku mbili naomba Mungu juu ya muntu mwenye bamekata."

Yule mwanamke mzee hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama.

"Basi tumelilia nani?"

"Mmemlilia Baba Odette. Alikuwa fundi wa redio."

"Alikuwa muntu muzuri?"

"Alikuwa mzuri. Alichelewa kila mahali. Lakini alikuwa mzuri."

Alifikiri. Kisha akawageukia wenzake. "Njo vile. Amekufa, na tumemulilia. Haiko bure. Mulete maji."

Kwao waliolia pamoja hawaachani bila kunawa na kula pamoja, na safari haiendelei mpaka hilo limefanyika. Kwa hiyo tulinawa mikono kwenye beseni moja, shofere Mwansa naye, amenuna. Kuku hakuwepo. Palikuwa na bukari, ugali wetu, na lengalenga, mchicha uliopikwa na karanga, na samaki wakavu wachache waliogawanywa kwa haki kabisa. Walipomaliza kula walitaka kuona darubini inafanya nini. Mwezi haukuwepo, nikawaonyesha mlima wa mbali kabla giza halijafunga. Walicheka kuona mlima umesimama kichwa chini. Yule mzee alitazama kuliko wote, kisha akauliza kama kioo kile kinaweza kuona waliokwenda. Nilisema hapana. Alisema alikuwa anauliza tu.

Usiku ule shofere hakutaka kuendesha. Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa bado pale, na kijiji kile kimezungukwa na msitu. Zilibaki mbili.

Kilwa, Ijumaa

Bila tawi, bariyeri zilizobaki zilituchelewesha zilivyotaka. Tulifika Kilwa Alhamisi jioni, tumekuwa wekundu wote. Tantine Julie alinipeleka kwake bila kuniuliza, akanipa maji ya kuoga na kisense, wale samaki wadogo wa ziwa, wamekaangwa wakavu na pilipili. Mumewe, Papa Kabwe, alikuwa ameshaingia majini. Wavuvi wa kisense hutoka usiku na taa, samaki wanaifuata taa, na hurudi asubuhi.

Saa kumi na moja kasoro robo nilikuwa ufukweni. Niliweka mguu wa chuma wa darubini kwenye mchanga mgumu. Nikiri jambo jingine: sikuwahi kutafuta sayari kwa darubini ile peke yangu. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kumulika na kushika simu. Yeye ndiye aliyetafuta.

Njia alinifundisha. Mshtarii juu, Zuhura chini yake, inang'aa huwezi kuikosa. Unachora mstari kutoka ya kwanza kupita ya pili, unashuka nao, na karibu na ardhi utakuta ya tatu. Nilishuka na mstari, na kweli, juu kidogo ya maji, palikuwa na nukta ya njano inayotetemeka.

Nilizungusha skrubu mpaka ikaingia kwenye kioo, nikafunga simu, nikapiga picha. Nikapiga nyingi. Ilikuwa duara zuri lenye mwanga. Nilizungumza na Baba Odette kidogo, siwezi kusema niliyomwambia.

Jambo lililonisumbua ni kwamba haikupanda. Kila nyota inapanda, hii ilikaa. Baadaye ikaenda kushoto. Kukaanza kupambazuka, na ndani ya kioo nikaona sayari yangu ina mtu. Alikuwa kichwa chini, ameinama, ananawa uso.

Nilitoa jicho kwenye kioo. Juu zaidi, upande wa kulia, palikuwa na kitu cheupe kidogo sana ambacho kwa muda wote ule sikukitazama, kwa sababu kile cha njano kilikuwa kimenipendeza. Nilipokizungushia darubini, anga lilikuwa limeshakuwa jeupe lote, na jua likatoka.

Tantine Julie alikuta picha kwenye simu. Alizitazama moja moja, akaikuza ya mwisho.

"Uyu ni Kabwe," alisema.

"Nani?"

"Bwana yangu. Angalia mabega." Sasa alicheka kicheko chote alichokuwa amekizuia tangu Minga. Alikaa chini. "Mama Odette, unatoka Lubumbashi, siku ine, unavunja resori, unaliza bantu, kumbe ni kumupiga Kabwe photo?"

Nilicheka naye. Kisha nikaacha kucheka, na yeye akaona, akaacha pia.

Kilwa, Jumamosi

Papa Kabwe ni mtu wa maneno machache. Aliposikia habari alikaa akifikiri, akauliza ni upande gani, na saa ngapi. Usiku wa Ijumaa hakuingia majini. Usiku mmoja bila kisense si kitu kidogo nyumbani mwake, na sikumwomba.

Alfajiri alisimama kando yangu na sweta yake, mikono kwapani, maana kiangazi ziwani kuna baridi. Ukungu mwembamba ulilala juu ya maji. Mbele yetu palikuwa na mwanga mwingi, nukta baada ya nukta, na mimi sikujua tena ipi ni ya mbinguni.

Alianza kutoka kushoto, akionyesha kwa kidevu.

"Ile ni Chola. Taa yake mubaya, inapiga-piga. Ile ni batoto ba Musonda, biko mbili. Ile ni Chola mwingine, muloko, mudogo wa Chola." Alisogea hivyo, taa kwa taa, mtu kwa mtu, kama anayewaita darasani. Mmoja alikuwa ameenda mbali mno, akamlaumu kidogo. Mwingine hapaswi kuwa majini, mke wake amezaa juzi. Mimi nilimfuata kwa jicho.

Kisha akasimama. Alikunja macho.

"Ile," alisema, "sijui ya nani."

Ilikuwa nyeupe, si njano. Ilikuwa imetoka kwenye ukungu sasa hivi.

Sikuharakisha. Niliingiza Zuhura kwanza kuhakikisha skrubu, kisha nikashuka. Ikaingia kwenye kioo, ikachemka kama kitu kilicho chini ya maji yanayotiririka, ikatulia, ikachemka tena. Na ilikuwa inapanda. Ilibidi nizungushe skrubu polepole kuifuata, mkono wangu ukifanya ile kazi niliyokuwa nimeimulika miaka yote.

Nilipiga picha mpaka mwanga wa jua ukaifuta. Papa Kabwe aliomba kutazama, akatazama. "Iko mudogo," alisema. Kisha akasema, "Iko peke yake," akaenda kulala.

Katika picha nyingi ni doa tu. Katika moja, ukikuza, utaona kwamba si duara kamili. Upande mmoja umepungua kidogo, kama tonge la bukari lililoguswa na kidole. Hiyo ni nusu ya usiku ya sayari yenyewe, inayokaribia kufichika. Haina rangi, ukingo wake umetetemeka. Ukiiweka karibu na Zohali ya Baba Odette, yenye pete zake, utadhani ni kosa la karatasi.

Kurudi, na siku ya kuondoa kilio

Kurudi kulikuwa siku mbili tu, kwenye lori la samaki, na harufu yake mmeisikia nyote. Niligundisha picha kwenye ukurasa.

Shemeji Kalonji alifika siku moja kabla ya sherehe, na dada zake wawili. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine: nilisafiri, nimelala nje siku saba, nikiwa nimevaa nyeusi. Dada zake walisema maneno makali, na walikuwa na haki. Nilitozwa kuku wawili na kuomba msamaha kwa magoti mbele ya familia. Nilitoa kuku, nikapiga magoti. Nilisema najuta kwa kutowaomba ruhusa. Dada mkubwa aliuliza kama najuta kwa kwenda. Nikasema hapana, kwa hilo sijuti. Aligeuza uso. Sijui kama amenisamehe.

Sherehe ilipita vizuri, wengi wenu mlikuwepo. Nguo nyeusi niliivua.

Jumapili asubuhi shemeji alikuja chumbani kuchukua sanduku. Lilikuwa tayari, nimelifuta vumbi jekundu. Daftari lilikuwa mezani, kwa sababu daftari si kitu cha kazi, hilo linabaki kwa Odette. Alilifungua akasimama, akipindua kurasa, mpaka akafika pale.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hii tu."

"Kwa hii njo umelala njiani siku zote zile?"

"Ndiyo, shemeji."

Nilingoja acheke. Alivuta daftari karibu na dirisha akainama, na anapoinama anafanana na kaka yake kiasi kwamba nilitazama pembeni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaketi kitandani, akafungua sanduku mwenyewe, akatoa bomba kwa uangalifu akaliweka magotini.

"Bon," alisema. "Nionyeshe hii skrubu inazungukaka namna gani."